Manukuu ya Mashine Bado Si Kumbukumbu ya Kikao

Mikutano mingi inayogusa maisha ya watu wa Lamu siku hizi haifanyiki Lamu peke yake. Wakili yuko Mombasa, afisa wa mradi yuko Nairobi, mtaalamu wa bahari yuko ng'ambo, na wavuvi wamejaa ukumbini Faza au Mokowe mbele ya laptopu moja. Chini ya skrini manukuu yanapita mstari baada ya mstari: programu inasikiliza na kuandika papo hapo kinachosemwa. Jambo hili limezoeleka hata waandaaji wengi wameacha kumteua mtu wa kuandika. Ukiuliza kumbukumbu za kikao ziko wapi, unajibiwa kwamba programu imeshaandika kila kitu, mtatumiwa.

Nalipinga jibu hilo. Manukuu ya papo hapo ni msaada mkubwa kwa anayefuatilia mazungumzo, na mimi nataka yawe mengi zaidi ya yalivyo sasa. Lakini maandishi yale hayawi kumbukumbu mpaka mtu anayeijua lugha ya waliosema ayapitie akiisikiliza sauti yenyewe, ayasahihishe, kisha waliosema wayakubali. Kuiruka hatua hiyo ni hatari hasa kwetu, kwa sababu huku swali la nani aliambiwa nini, na lini, limeshaamua kesi kubwa.

Zikumbuke mbili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilitoa hukumu katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake kuhusu bandari ya Lamu na mradi wa LAPSSET, ule wa kuiunganisha bandari hiyo na Sudan Kusini na Ethiopia. Mahakama iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wala hawakupewa taarifa walizostahili, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, hukuhuku Lamu. Mikutano ilikuwa imefanyika. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya utangulizi tu, kabla ya uchunguzi wa athari kwa mazingira kufanywa, kwa hiyo wananchi hawakupata nafasi ya kuijadili ripoti yenyewe.

Ukizisoma kesi hizo unaona jinsi uamuzi mzito unavyosimama juu ya mambo yanayoonekana madogo. Mkutano ulikuwa wa lini? Waliohudhuria walionyeshwa nini, wakauliza nini, wakajibiwa nini? Kumbukumbu za kawaida hazijibu maswali hayo. Karani anaandika kwamba wananchi walitoa maoni yao na mradi ukapokelewa vizuri, na sentensi hiyo moja inafunika saa tatu za maswali, malalamiko na watu waliotoka nje kwa hasira. Unukuzi, yaani kuandika neno kwa neno kilichosemwa, hauwezi kufunika hivyo. Ndiyo maana nauona kuwa mali ya kulindwa, na sitaki uachiwe programu peke yake.

Tuanze na kazi yenyewe inavyofanyika. Programu haisikii maneno kama tuyasikiavyo. Huikata sauti vipande vidogo vidogo, hukisia kila kipande ni mlio gani, kisha huchagua maneno ambayo, kwa yale iliyofunzwa, yana uwezekano mkubwa wa kufuatana. Ukitazama manukuu kwa makini utaona neno linaandikwa, halafu baada ya muda mfupi linageuka kuwa jingine: sauti iliyofuata imeifanya programu ibadili ukisio wake. Na inapokutana na neno isilolijua, aghalabu haiachi pengo. Huweka neno inalolijua lililo karibu na mlio ule. Hapo ndipo Kiamu na Kibajuni, lahaja za huku kwetu, vinapopata taabu, kwa sababu mashine imelelewa kwa Kiswahili cha habari za redio na televisheni, hotuba na vitabu.

Nilikaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo upande wa Faza, wavuvi na watu wa mradi. Laptopu ilikuwa juu ya kiti cha plastiki mbele, feni inazunguka, na kutoka gatini ilisikika mashine ya boti. Mzee mmoja akasimama safu ya nyuma akasema: "Mai yakiyaa twapita Mkanda. Yakitoka hatupiti. Twaliambiwa tutalipwa, hatukulipwa." Ukumbi mzima ulimwelewa. Mkanda ni mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, na vyombo vinavyokwenda Pate na Faza hupita humo maji yakiwa yamejaa. Kwenye skrini ikatoka: "Mayai ya kia tupite mkanda. Ya kitu hatupiti. Tuliambiwa tutalipwa, tukalipwa." Kijana aliyekuwa na laptopu akamgeukia: "Ami, hebu rudiani, haikushika." Mzee akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mstari uliotoka mara ya pili haukuwa na nafuu, na mwenyekiti wa kikao, aliyekuwa mbali na hakumwelewa vizuri, akashukuru na kumwita msemaji mwingine.

Yapime makosa yale moja moja. Mayai hayamdhuru mtu. Kila atakayesoma atajua kuna kitu kimekosewa na ataitafuta sauti. Mkanda ulioandikwa kwa herufi ndogo ni kosa baya zaidi, maana jina la mahali limefutika, na atakayesoma akiwa mbali atadhani mzee alizungumzia mshipi. Lakini kosa linalonitia hofu ni la mwisho. "Tukalipwa" ni neno safi la Kiswahili, limekaa vizuri kwenye sentensi yake, halina doa lolote la kumshtua msomaji. Wakili atakayelisoma miaka sita baadaye hatakuwa na sababu ya kulitilia shaka. Mzee alisema hakulipwa, na maandishi yanasema alilipwa.

Ubora wa programu hizi hupimwa kwa kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawanya kwa jumla ya maneno yaliyosemwa. Ukiambiwa usahihi ni asilimia 95, maana yake neno moja katika kila maneno 20 lina kasoro. Kwa mazungumzo ya maneno 120 kwa dakika, kikao cha saa moja kina maneno 7,200, na makosa yake ni 360. Hiyo ni hali nzuri: maikrofoni karibu, mtu mmoja anazungumza, mtandao haukatiki. Ukumbini Faza hali si hiyo.

Lakini hata hesabu hiyo haioni jambo lililo kubwa kwetu. Neno la Kiswahili hubeba ndani yake mtendaji, wakati, kitendo na kukanusha, vyote pamoja. Hatukukubali na tukakubali. Sikutia sahihi na nikatia sahihi. Hawakuja na wakaja. Kinachotenganisha kuafiki na kukataa ni silabi moja au mbili mwanzoni mwa neno, zinazosemwa upesi, na ndizo za kwanza kumezwa na upepo wa feni maikrofoni ikiwa mbali. Kwa kipimo cha kampuni hilo ni kosa moja, lenye uzito uleule wa kuandika "hapo" badala ya "hapa". Kwa mvuvi ni ushahidi uliogeuzwa kichwa chini. Anayepima programu za unukuzi kwa ajili ya mikutano ya umma ya Kiswahili angepaswa kuhesabu peke yake makosa ya kukanusha, ya majina ya mahali, na ya tarakimu. Mimi ningeichagua programu inayokosea maneno mengi madogo lakini ikakuambia wazi kwamba hapa haikusikia.

Zipo programu zinazofanya kinyume kabisa. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu ya unukuzi iitwayo Whisper, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bure, na sasa imo ndani ya huduma nyingi. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika takriban asilimia moja ya rekodi walizoipa, programu hiyo ilibuni vifungu au sentensi nzima ambazo hazikusemwa na mtu yeyote. Ilitokea zaidi kwa wasemaji wenye matatizo ya usemi, ambao husimama sana katikati ya maneno, kwa sababu mashine hujaza ule ukimya. Fikiria mzee anayesita kabla ya kutaja kiasi cha fedha, au mama anayenyamaza kwa sababu amelemewa na anachokisimulia. Ukimya wao haustahili kuandikiwa maneno.

Kiswahili si kigumu kuliko lugha nyingine. Google ilikiongeza kwenye utambuzi wa sauti Agosti 2017, pamoja na Kiamhari. Kilichopungua ni sauti za kufundishia. Whisper hiyo ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na katika hizo saa 117,000 tu ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, sauti na maandishi yakiwa ya lugha hizohizo. Sehemu kubwa ya hizo ikaenda kwa Kichina, Kijerumani, Kihispania na wenzao. Kinyarwanda kimeonyesha kwamba wenyewe wanaweza kuziba pengo: katika mradi wa Mozilla wa Common Voice, ambapo watu hujitolea kusoma sentensi na kuzikabidhi kwa matumizi ya wote, Wanyarwanda wamefikisha zaidi ya saa 2,000. Kiswahili kiliingizwa kwenye mradi huo kwa nguvu mwaka 2021, kwa ufadhili wa dola milioni 3.4. Ningependa sana kuwaona vijana wa Amu (ndio mji wa Lamu), Siyu, Kizingitini na Kiunga wakipeleka sauti zao huko, ingawa sentensi iliyosomwa polepole kwenye simu haifanani na mabishano ya watu thelathini chini ya bati.

Jingine lisilozungumzwa sana ni majina ya wasemaji. Kwenye mkutano wa mtandaoni kila anayejiunga kwa kifaa chake ana njia yake ya sauti, kwa hiyo programu inajua nani anasema na huandika jina lake kando ya maneno. Afisa aliye ofisini kwake anaandikwa kwa jina na cheo. Ukumbi mzima wa wavuvi, ukiwa nyuma ya laptopu moja, huandikwa kwa jina la mwenye akaunti. Kwenye unukuzi wa kikao kile cha Faza, kwa maandishi yale, wazee, vijana na akina mama wote walikuwa mtu mmoja, tena kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyejipinga mwenyewe mara nyingi. Hilo halihitaji teknolojia mpya. Linahitaji mwenyekiti asimruhusu mtu kuanza kabla ya kutaja jina lake na anakotoka, na linahitaji mtu mmoja kando anayeandika saa na jina kila msemaji anapobadilika. Daftari la shilingi hamsini linatosha.

Tafsiri ya papo hapo ni balaa juu ya balaa. Afisa asiyejua Kiswahili huwasha manukuu yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, na hapo mashine inakisia juu ya ukisio. Ukisema mkutano ulikuwa saa tatu, anaweza kusoma saa ambayo kwetu ni tisa. Mkutano wa umma Lamu uwe na mkalimani mwenye mwili na macho. Juu ya hilo sioni la kujadili.

Nimesema nataka manukuu yawe mengi zaidi, na nalisema hilo kwa moyo wote. Teknolojia hii haikuletwa na maofisa wavivu wa kuandika. Ilidaiwa na viziwi. Mwaka 1972 kituo cha WGBH cha Boston kilianza kutia manukuu kwenye kipindi cha upishi ili viziwi nao wafuate; mwaka 1980 yakaanza manukuu ambayo mtazamaji anaweza kuyafungua au kuyafunga; mwaka 1982 yakatoka ya moja kwa moja, yakipigwa na makarani wa hatimkato, yaani mwandiko wa kufupisha maneno. Hao wa hatimkato bado wako kazini Marekani, na mtihani wao wa kitaaluma hufika hadi maneno 225 kwa dakika kwa usahihi wa asilimia 95. Programu ya simu ya Google ya unukuzi wa papo hapo, iliyotoka 2019, ilitengenezwa kwa kushirikiana na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Washington, na mmoja wa watafiti wake wakuu, Dimitri Kanevsky, ni kiziwi yeye mwenyewe.

Kwetu sheria ipo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu, na ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia hizo. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 kilizitaka televisheni kuweka mkalimani wa ishara au manukuu kwenye taarifa za habari na vipindi vya elimu. Anayeendesha mkutano wa umma mtandaoni bila manukuu wala mkalimani anawafungia mlango watu ambao Katiba imeshawafungulia. Tena viziwi si peke yao. Yupo babu aliyepoteza usikivu uzeeni na anaona haya kusema. Yupo mama aliyezima sauti ya simu kwa sababu mtoto amelala, na bado anataka kujua kaunti inapanga nini kuhusu kisima cha kijijini kwake. Yupo aliye Kiunga ambako sauti inakatika kila dakika lakini maandishi yanafika. Kwa kiziwi aliyekua na Lugha ya Ishara, hata hivyo, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, kwa hiyo manukuu hayaondoi haja ya mkalimani. Yanakaa pamoja naye.

Basi tufanye nini na mashine isiyomsikia mzee wa Faza? Mashirika ya utangazaji, BBC ikiwemo, yamekuwa yakitumia njia ambayo naona inatufaa mno. Badala ya kuiachia programu isikilize uwanja mzima wenye kelele, humweka mtu mmoja kwenye chumba kimya, masikioni ana spika, mdomoni maikrofoni. Anasikiliza kinachosemwa na kukirudia papo hapo kwa matamshi safi, na programu iliyozoea sauti yake inamwandika yeye. Fikiria binti wa Amu aliyesoma, anayekielewa Kiamu na Kibajuni kama maji ya kunywa na anakijua Kiswahili sanifu cha shule. Mzee anasema mai yakiyaa. Binti anarudia maji yakijaa. Skrini inaandika maji yakijaa, na Nairobi wanaelewa. Anaweza kutaja jina la msemaji kabla ya kila kauli. Anaweza kusema "hawakulipwa" kwa kutamka kila silabi.

Kazi hiyo ina hatari yake na sitaifunika. Mrudiaji anakuwa chujio. Akimwogopa chifu, au akiona mzee anatukana, anaweza kulainisha. Kwa hiyo anachokirudia kitumike kwa manukuu ya papo hapo tu, ili watu wafuate. Sauti ya mzee mwenyewe irekodiwe kwa kifaa kingine, hata simu iliyowekwa karibu naye, na unukuzi wa kudumu uandikwe kutoka sauti hiyo. Na humo mzee aandikwe alivyosema. Mai yabaki mai. Anayetaka kueleza maana aweke maelezo pembeni, asiyabadilishe maneno ya mtu ambaye huenda siku moja akaulizwa mahakamani kama kweli alisema hivyo.

Kusahihisha ni kazi ya jasho, na ndiyo inayokwepwa. Wanaoandika rekodi kwa mkono tangu mwanzo huhesabu kama saa nne za kazi kwa saa moja ya sauti iliyo safi, zaidi ikiwa watu wanasema pamoja. Rasimu ya mashine hupunguza saa hizo pale inapokuwa nzuri. Inapokuwa mbaya huziongeza, maana msahihishaji anapambana na maneno yanayoonekana sawa. Kazi hii ifanywe usiku uleule au kesho yake, wakati waliokuwepo bado wanakumbuka. Pasiposikika paandikwe kwamba hapakusikika, pamoja na dakika yake, badala ya kukisiwa. Tarakimu, tarehe na majina vipitiwe mara ya pili peke yake. Kisha maandishi yarudi kwa waliosema. Hapo hakuna gharama ya kutisha: maneno 7,200 ni kilobaiti hamsini na kitu tu, hupita kwenye WhatsApp hata kwa mtandao wa kusuasua, wakati video ya kikao kilekile ingemaliza bando la mtu. Asiyesoma asomewe, na marekebisho yake yaandikwe chini ya kauli yake ya kwanza bila kuifuta.

Wapo watakaosema kurekodi kutawanyamazisha watu, na wana haki ya kusema hivyo. Lamu imeishi miaka mingi na operesheni za usalama, marufuku ya kutoka usiku na watu wasiojulikana wakiuliza majina. Mtu akiona taa ya rekodi hufikiri mara mbili. Sauti yake ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kumwambia tu "tunarekodi" baada ya kikao kuanza si kumwomba ridhaa. Aelezwe kabla: sauti itakaa wapi, nani ataisikia, itafutwa lini. Awe na nafasi ya kusema jambo rekodi ikiwa imezimwa, na unukuzi uonyeshe kwamba ilizimwa. Rekodi ikae kwa wenyewe pia, yaani BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo) au kamati ya kijiji, isiwe tu kwenye akaunti ya shirika lililoalika, ambalo mradi ukiisha akaunti nayo inafungwa. Nimewasikia watu wakisema bora basi tusirekodi kabisa. Siafikiani nao, kwa sababu upande wa pili hurekodi hata hivyo, na mahakamani utaletwa unukuzi wao.

Mabunge yetu tayari yana Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa humo, na mtu akizungumza Kiswahili bungeni huandikwa kwa Kiswahili. Mwakilishi wa wadi akisimama kwenye bunge la kaunti kuchangia hoja, karani amelipwa kuyahifadhi maneno yake. Mwananchi aliyemchagua, akisimama kwenye mkutano wa maoni wa kaunti hiyohiyo, maneno yake huishia kwenye sentensi ya karani au kwenye manukuu yanayopanda na kupotea. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kushirikisha umma katika kazi zake. Sioni kushirikisha huko kunathibitishwaje bila maneno ya huo umma.

Kwa hiyo kaunti za Lamu na Kilifi ziajiri wanukuzi. Sisemi kitengo kikubwa chenye mkurugenzi na magari. Watu watatu au wanne kila kaunti, walioshika lahaja za mahali, wenye vipaza sauti viwili vitatu vya mkononi vya kupitisha ukumbini, kinasa sauti kizuri, na kompyuta yenye programu inayofanya kazi bila intaneti ili rekodi za watu zisisafiri. Malindi wapo vijana wanaoandika mashauri kwa mawakili. Amu wapo walimu wanaosahihisha insha kwa kalamu nyekundu hadi usiku wa manane. Kazi wanaiweza. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni si baada ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti si baada ya tarehe 30 Aprili. Mikutano ya maoni juu ya mpango huo ndiyo mahali pa kuliomba fungu hili, na atakayeliomba ataje jina lake kwanza, aseme karibu na maikrofoni, na simu yake mwenyewe iwe inarekodi.